Kitabu Kilichokosa Kurasa za Mwisho

Simu ilinikuta nachambua maharage. Aliyepiga ni kijana mkubwa wa Mwalimu Bahati, kutoka Ntoto kule Walikale, na sauti yake ilikuwa tulivu kupita kiasi. Alinisalimia, akauliza kama mvua inanyesha Goma, akauliza habari za goti langu ambalo sikujua kwamba analijua, kisha akasema, "Mama Mapendo, Papa iko anasumbuka kidogo." Niliweka ungo chini. "Weye," nikamwambia, "miye si mutoto. Muko munamuzika lini?"  Nyuma yake nilisikia watu wakipasua kuni, na kuni nyingi namna ile hazipasuliwi nyumbani kwa mgonjwa. Mwishowe akasema, "Tunangojea Neema," na hapo akaanza kulia, naye ni mwanaume mwenye mvi.

Huku kwetu mtu hafi mara moja. Kwanza anasumbuka kidogo. Kisha anazidiwa. Kisha amepelekwa hospitali, kisha waganga wanajitahidi, na wewe unayeambiwa unaingizwa katika habari hiyo taratibu, mguu mmoja kwanza, kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi asubuhi. Ukifika kifuani ndipo wanakuambia ukae chini. Wengine wanasema ni huruma. Mimi tangu ujana wangu niliapa kwamba sitamfanyia mtu yeyote hivyo, na kweli sikufanya. Niliwaambia watu vifo vyao usoni, mlangoni, mkoba ungali begani, na wako wanaonichukia kwa hilo mpaka leo. Kijana wa Mwalimu alijua. Alisema Neema, dada yao mdogo anayesomea uuguzi kule Kirotshe kando ya ziwa, ameambiwa tu kwamba baba anasumbuka kidogo. "Weye njo uko karibu," akasema, yaani mimi ndiye niliye karibu naye. "Na weye unajuaka kusema. Umufikie." Nilikubali. Gari la Kirotshe lilikuwa la kesho yake asubuhi, na siku ile yote nilikaa na maharage yasiyochambuliwa, nikiukumbuka mwaka ambao Mwalimu Bahati alinifundisha kusoma hadithi.

Habari za wazazi wangu nitaziruka. Wa kumtaja ni mmoja, dada yangu Zawadi, aliyeniita mtoto wake ingawa hakunizidi sana kwa umri. Vita vilipotufikia Muheto, kule Masisi, Zawadi alikuwa na mimba changa inayomtapisha kila asubuhi, na njia ya msituni haikumfaa. Mimi nilikuwa nimebakiza darasa la mwisho la sekondari, na shule yetu ilikuwa imefungwa. Akanifungia nguo zangu katika kitenge, akanikabidhi kwa majirani waliokuwa wanakimbilia Ntoto, wanifikishe kwa Mama Kavira, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka huko, aliyekuwa akinunua maharage kwetu kabla njia hazijaharibika. Maneno yake nayakumbuka kwa sababu hayakuwa na machozi hata kidogo. "Enda umalize masomo. Ukipata diplome urudie hapa, tukae pamoja, unisaidie mutoto." Basi diploma ile sikuitaka kwa ajili ya elimu. Niliitaka kwa sababu ilikuwa ndiyo mlango wa kurudi kwa Zawadi.

Mama Kavira alinipa chumba cha nyuma ya duka. Kusema chumba ni heshima tu. Ilikuwa stoo, na mimi nililala kwenye mkeka kati ya magunia ya chumvi na madumu ya mafuta ya mawese, hata nguo zangu za shule zikawa zinanuka mawese na wenzangu wakanitania kwamba nikikaa karibu na moto nitaungua. Ukuta wa mbao ulinitenga na duka. Niliposoma mchana nilisikia kila kitu kilichosemwa huko: bei ya sabuni, wabebaji wakilalamikia mizigo, nani ameonekana njia ya Masisi na nani hajaonekana. Mama Kavira alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache, Mkatoliki asiyekosa misa, aliyefungua duka kabla ya jogoo na kulifunga jua likizama, na hakuna aliyewahi kuona mlango ule umefungwa mchana ila Jumapili na siku ya maziko. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, nikapima chumvi, nikachota maji, nikaosha masufuria. Sikulalamika. Lakini hakuna aliyekuwa na cha kuniambia zaidi ya kazi, na hilo liliniumiza kuliko kazi yenyewe.

Upweke wa mwaka ule ulikuwa na hali yake ya hewa. Sisi wa Masisi tumezoea baridi ya milima, ukungu, ng'ombe upande wa pili wa bonde, na macho yanayofika mbali. Ntoto iko msituni. Joto linakaa juu ya mtu, mvua inaanza bila kubisha hodi, na ukitazama huku na huku unakutana na miti tu. Jumapili baada ya misa wenzangu walikwenda kwa watu wao, nami nilikaa nyuma ya duka nikila ndizi za makemba za kuchemsha na chumvi, nikijaribu kukumbuka namna Zawadi anavyokohoa kabla ya kucheka. Nilikuwa nafanya zoezi hilo kila Jumapili, kwa sababu niliogopa kwamba nikiacha nitalisahau. Niliwaonea wivu hata kuku wa Mama Kavira waliolala wamebanana.

Shule ilikuwa katika jengo la parokia lililobaki na nusu ya paa, kwa hiyo mvua ikinyesha darasa zima lilihamia upande mmoja na ubao ukabaki upande mwingine. Chaki hazikuwepo. Mwalimu Bahati, tuliyemwita Prof, aliandika kwa kipande cha muhogo mkavu, na tukitoka mbuzi wa parokia waliingia kulamba somo. "Angalau hawa banakula masomo," alisema, "nyie munayaacha mu sahani." Alikuwa mtu mwembamba, mwana wa wakulima wa milima ya Masisi, aliyekimbia kama mimi, mwenye koti moja ambalo hakulivua hata katika joto la Ntoto. Alitufundisha Kifaransa kwa ajili ya mtihani wa taifa, na kitabu kilikuwa kimoja kwa darasa zima. Kilikuwa riwaya iliyookotwa kwenye matope baada ya wenye bunduki kupita. Jalada halikuwepo, hatukujua jina lake wala mwandishi wake. Kurasa za mwisho wale mabwana walikuwa wamezichana na kuzungushia tumbaku, wakavuta mwisho wa hadithi ukaenda na moshi.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya bwana mmoja aliyekwenda kufanya kazi katika meli ya mto mkubwa, akamwacha mkewe kijijini. Baada ya muda mrefu anarudi kwa miguu, anapita kijiji baada ya kijiji, na kitabu kinakatika katikati ya sentensi, mkono wake ukiwa juu ya mlango wa nyumba yake. Tulilalamika. Prof akasema hiyo ni bahati yetu. "Wenye kuwa na mwisho banakimbilia mwisho. Nyie mutasoma." Akasema mwandishi mzuri hafichi mwisho kwenye kurasa za mwisho tu, anautawanya humo ndani tangu mwanzo, na kazi yetu ya mwaka mzima ni kuuokota. Alitaja jina la kila mbinu kwa Kifaransa kwa ajili ya mtihani, kisha akaligeuza kwa maneno ya nyumbani ili likae.

Dokezo alilieleza hivi: "Ukiona jirani anaazima sufuria kubwa, hajakuambia kitu, lakini weye unajua bageni bako njiani." Msimulizi, akasema, usimchanganye na mwandishi, msimulizi ni yule mbebaji anayekuletea habari, na kabla ya kuamini mzigo wake uulize alisimama wapi alipoona. Mruko ni pale hadithi inaporuka jambo bila kulitaja, na mara nyingi jambo kubwa liko hasa pale iliporuka. Kinaya kilitusumbua. Wengi walidhani ni dhihaka tu, mtu kusema mazuri akimaanisha mabaya. Prof akatutoa nje, akatuonyesha njia inayoteremka mtoni. "Kuna kinaya ya maneno, na kuna hii ingine. Mutu anateremuka pale, anaimba. Weye uko huku juu ya mulima, unaona daraja ilishabebwa na maji. Yeye hajui. Weye unajua. Wimbo wake ni ule ule, lakini mu masikio yako haiko wimbo tena." Nililipenda somo lile mpaka nikasahau kuchota maji, na Mama Kavira akanisema sana.

Niligundua kwamba nina jicho, na jicho lile likawa mwenzangu. Mtu aliye peke yake hushika chochote. Nilikaa nyuma ya ukuta wa mbao nikisikiliza watu wa dukani na kuwachambua: huyu msimulizi hakuona, amesikia, huyu ameruka kitu, kwa nini hasemi walilala wapi, huyu anataka soda. Nilimwambia Mama Kavira kwamba mbebaji fulani anadanganya kuhusu njia, na ikawa kweli. Akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu. Nikaanza kujiona sana. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nyani aliyepanda mti mrefu kuliko wote.

Siku moja Mama Kavira aliniita jikoni, akaniwekea bugali na samaki. Samaki mzima, na kichwa chake. Katika miezi ile tulikula sombe ya majani ya muhogo, kesho sombe, na kesho kutwa maji ya sombe, kwa hiyo nilishika samaki yule kwa mikono miwili. Nilipokuwa katikati akasema bila kuniangalia, "Kulipita batu ya Muheto. Zawadi iko anasumbuka kidogo na mimba." Nikauliza anasumbuliwa na nini. Akasema ni mambo ya mimba, mimba zote zinasumbua. Hilo lilinitosha, mimba ilikuwa imemsumbua tangu mwanzo. Nikala kichwa cha samaki. Baada ya muda kukawa na nyama ya kuku, na kuku kwa mfanyabiashara wa Butembo hachinjwi ovyo. Mama Kavira akasema, "Walimupeleka Kirotshe, ku hospitali. Bamuganga bako naye, balimupokea muzuri." Hapo niliogopa. Nilitaka kwenda. Akaniambia njia imefungwa, na kweli ilikuwa imefungwa, watu walikuwa wanakufa njiani. Akasema Zawadi mwenyewe ameagiza nisiache masomo. Nikalia, nikasali naye, nikarudi kwenye stoo. Kuanzia siku hiyo wanawake walionunua dukani walinisalimia kwa jina. Walioongea waliponiona waligeukia Kinande, ambacho sikukijua. Mke wa katekista alinipa kipande cha sabuni ya kuogea. Mimi nikafikiri, kumbe watu wa Ntoto wameanza kunipenda.

Habari ya tatu ilikuja kwa foni ya parokia, ile redio ya kusemea mbali. Mama Kavira mwenyewe alikwenda kusikiliza, akarudi akiwa ameshika mkono wangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mutoto alizaliwa," akasema. "Musichana. Mutoto iko muzima, ana nguvu." Nilipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka mtoni. Nilicheza kati ya magunia, nikamkumbatia Mama Kavira mwili mzima, nikawatangazia wateja, na wanawake waliokuwa dukani wakapiga makofi, polepole, mikono ikigusana bila sauti. Mmoja alitoka nje akiwa hajachukua chumvi yake. Nilimwita arudi kuchukua. Mama Kavira akaniambia, "Muache. Kaa, ule kwanza." Nikakaa, nikala.

Leo ninapoandika haya nafanya kile Prof alichokiita mbinu rejeshi, kurudi nyuma nikiwa najua mbele, na ninajua vizuri kwamba wewe unayesoma umekwisha kuona. Umeona tangu samaki. Wewe uko juu ya mlima, mimi niko njiani naimba. Nikikumbuka kigelegele kile bado uso unanichoma, na nimezeeka.

Basi tuliendelea na kitabu chetu. Mtihani ulikuwa umekaribia, na Prof akatuuliza swali alilokuwa amelibana mwaka mzima: bwana wa meli anakuta nini nyuma ya mlango? Kijana mmoja akasema anakuta mke ameolewa na mwingine. Msichana mmoja akasema anakuta karamu. Mimi nikasimama. Sikumbuki kama niliinua mkono. Nikasema mkewe amekufa, tena amekufa zamani, na vijiji vyote vinajua isipokuwa yeye. Prof alikuwa ameegemea ukuta, ameshika kitabu. "Umejua aje?" akauliza.

Nikamwonyesha. Nilisema: kila anapofika wanampikia, tena vizuri, katika nchi ambayo mwandishi mwenyewe amesema ina njaa. Akiingia, watu wanapunguza sauti. Anauliza habari za nyumbani, wanamjibu mbuzi ni wazima, shamba ni zima, paa limeezekwa upya. Wanataja kila kitu kilicho kizima, na jina la mke linarukwa. Kuanzia kijiji cha pili jina lake halimo tena katika kitabu. "Ule ni mruko, Prof," nikasema, "na ule ulaji wote ni dokezo."  Nilijisikia mrefu. Prof alifunga kitabu, akakifungua tena. Akaniuliza kwa sauti ambayo niliidhania ni ya kunisifu, "Mapendo. Na mutu kama huyu, batu benye kumupenda, ilifaa bamuambie wakati gani?"

Nikajibu papo hapo, kwa kiburi chote cha mtu ambaye kwa mara ya kwanza amezidi wenzake kwa kitu. "Haina haja ya kumuambia, Prof. Kama iko na akili ataona yeye mwenyewe."

 Prof akasema samahani, akatoka nje, akasimama kwenye mvua na koti lake, mgongo ukitugeukia, na wenzangu wakaanza kuniangalia halafu kuangalia chini. Nilidhani wanaona wivu.

Mtihani tuliufanyia Walikale mjini, mbali kutoka Ntoto, tukaenda kwa miguu pamoja na Prof. Somo la insha lilinijia kama maji. Wakati wa kurudi nilitembea mbele ya wote, nikiwa nimeshafunga safari ya Muheto kichwani: nitamfulia Zawadi nepi, nitambeba mtoto mgongoni, nitamwambia mambo ya bwana wa meli, naye atakohoa kabla ya kucheka. Tulilala katika vijiji viwili vitatu, na huko kote tulipokelewa vizuri. Tulipotokea Ntoto jua lilikuwa la mchana, na nikaona kwanza kitu kimoja: mlango wa duka la Mama Kavira ulikuwa umefungwa.

Nikapunguza mwendo. Haikuwa Jumapili. Mbele ya duka wanawake walikuwa wameketi chini kwenye mikeka, vitenge vimefungwa viunoni, na sufuria kubwa, ambayo si ya Mama Kavira, ilikuwa juu ya moto. Wakasogea wakaniachia nafasi katikati. Mama Kavira akaniletea maji ya kunawa, kisha bugali, kisha samaki mzima. "Ule kwanza, mutoto yangu." Nilikata tonge. Nilikuwa na njaa ya safari, na mkono unajua kazi yake. Nikamega, nikatafuna, nikaangalia zile nyuso, na tonge la pili likiwa mkononi nikasikia mwenyewe sauti yangu ikiuliza, "Mutoto iko muzima?" Wakajibu wote kwa haraka, muzima, muzima kabisa. Nikauliza, "Na Zawadi?"

Mama Kavira akanisogezea samaki. Ndipo nikajua kwamba tangu siku ya foni hakuna mtu aliyelitaja jina lile mbele yangu, hata mmoja, na kwamba mimi, bingwa wa darasa, sikusikia. Prof alikuwa amesimama nyuma yangu. Alichuchumaa na koti lake, akaniambia kwamba Zawadi alifika hospitali akiwa amekwisha kuchoka, maana njia ilikuwa imefungwa na walimpitisha milimani kwa machela. Kwamba pale walimshughulikia kwa mikono yote waliyokuwa nayo. Kwamba alimwona mtoto. Alizikwa kulekule Kirotshe, pembeni ya ziwa. Mimi nilikuwa nacheza kati ya magunia ya chumvi.

Nililia, ndiyo, lakini ukweli ni kwamba hasira ilitangulia. Nilipoteza dada yangu mchana ule, na papo hapo nikapoteza pia wiki zote nilizokuwa naye akiwa amekwisha kufa. Nilipata nguvu ya kuongea siku za kuomboleza zilipokwisha, nikamfuata Prof darasani, akiwa peke yake anafuta ubao. Nikamuuliza kwa nini. Alisema wazee walikaa, wakaona nikiambiwa nitaingia njia ya Kirotshe siku ileile, na njia ile hainirudishi. Na Zawadi mwenyewe aliacha neno kwamba mtihani nisiukose. Nikamwambia hayo nayajua, nauliza yeye, Bahati, aliyetufundisha. Akakaa kwenye benchi la wanafunzi. "Siku ile ya kitabu njo nilitaka kukuambia," akasema. "Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Weye ukasema mwenye akili ataona. Nikawaza basi, nimungojee aone." Akafuta uso kwa mkono wenye unga wa muhogo. "Nilikuwa mwoga, mutoto yangu. Nilijificha nyuma ya kitabu."

Sikumsamehe mwaka ule. Baadaye nilimsamehe, na kisha nikafanya kazi yake. Nimefundisha riwaya kwa wanafunzi wengi, Masisi na Goma, na kila mwaka tukifika kwenye dokezo na kinaya nilisema maneno yake ya sufuria na ya daraja, halafu nikatoka nje kidogo. Mtoto wa Zawadi anaitwa Riziki, ana watoto wake sasa, na anakohoa kabla ya kucheka. Lakini kiapo changu nilikishika. Nilijiambia kwamba huruma inayomfanya mtu kuwa mjinga mbele ya kijiji kizima si huruma.

Kwa kiapo hicho nilipanda gari la Kirotshe. Njiani nilipanga maneno yangu: Neema, baba yako amekufa, nimekuja kukupeleka nyumbani. Mafupi, safi. Gari liliposimama kando ya ziwa nilishuka kwa goti langu bovu, nikanunua kwa wanawake wa barabarani sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga na bugali ya moto, imefungwa vizuri katika jani, nikaitia mkobani, na sikujiuliza naibebea nani. Nilimkuta Neema uani mwa nyumba wanayolala wanafunzi, anaanika sare yake nyeupe. Ana wembamba wa baba yake. Aliponiona akafurahi, akaja mbio, mikono ina maji. "Mama Mapendo! Muko munatoka wapi? Kaka aliniambia Papa iko anasumbuka kidogo. Alishapona?"

Nilifungua kinywa. Maneno yangu mafupi yote yalikuwepo, nilikuwa nayaona. Nikasikia nasema, "Ulishakula?"

Neema akaacha kutabasamu. Aliangalia kitenge nilichojifunga, akaangalia mkoba, na mkono wangu uliokuwa tayari umetoa chakula bila kuniuliza. Alikuwa mtoto wa Mwalimu Bahati. Amelelewa katika nyumba ambamo sufuria haiazimwi bila kuelezwa. Niliona akisoma, na niliona amefika mwisho. Sikuwa na la kuongeza wala la kupunguza.

Akakaa kwenye kizingiti. "Bado," akasema. Alipokea jani, akalifungua juu ya magoti, akakata tonge, akaanza kula. Alikula polepole, sambaza mmoja mmoja, akitafuna mpaka kichwa, machozi yakishuka na yeye hayafuti, na mimi nikakaa karibu yake nikilitazama ziwa. Sikumharakisha. Muda wote ule samaki walipokuwa kwenye jani alikuwa bado ana baba, na mimi ni nani wa kumnyang'anya. Nilimkumbuka Mama Kavira na samaki wake, nikamkumbuka Prof kwenye mvua, nikawaomba radhi kimoyomoyo wote wawili. Neema alikula mpaka jani likabaki tupu. Akalikunja, akanawa mikono kwenye ndoo ya sare yake, akanigeukia.

"Sasa museme," akasema.